Mutoto Wako Anapotaka Kuwa Muuguzi

Fundisho kwa wamama wa kliniki



Siku ya kliniki, wakati munangoja watoto wapimwe kilo, munazungumza mambo mengi. Neno moja tunalisikia mara kwa mara: "Mutoto wangu anasema anataka kusoma uuguzi. Nimujibu nini?" Mama mumoja anafurahi, anasema, "Vema! Sasa tutakuwa na munganga nyumbani, hatutalipa dawa tena." Mama mwengine anakataa: "Hapana. Atatuletea magonjwa hapa, na hatapata bwana wa kumuoa."

Wamama hawa wawili wamejibu mbio. Wa kwanza anaweza kuuza mbuzi wake wote kwa ajili ya shule isiyofaa. Wa pili anaweza kufunga njia ya mutoto ambaye angeponyesha watu wengi, pengine hata wajukuu wake. Kwa sababu hii, leo tunakamata maulizo yenu moja moja. Shikeni neno hili tangu mwanzo: usimusukume mutoto, tena usimuzuie, mbele ya kujua kweli ya kazi yenyewe.

1. Muuguzi anafanya kazi gani?

Kwetu watu wanamuita "munganga" kila mutu aliyevaa nguo nyeupe. Lakini katika hospitali kila mutu yuko na kazi yake. Daktari anatafuta ugonjwa na kupasua. Mutu wa laboratwari anatazama damu na choo. Muzalishaji anasaidia wamama kuzaa. Muuguzi ndiye anayekaa karibu na mugonjwa, usiku na muchana. Anapima joto, anahesabu pumzi, anatoa dawa kwa saa yake, anasafisha kidonda, anaandika yote katika karatasi. Yeye ndiye wa kwanza kuona kama hali inabadilika, na anamuita daktari mbele hali haijaharibika.

Katika kituo cha afya cha kijiji, kwa desturi daktari hakai pale. Muuguzi titulere ndiye mukubwa. Anapima wagonjwa, anatoa dawa, na anajua ni nani wa kutumwa hospitali leo, si kesho. Mama, fikiri kidogo: mutoto wako alipokuwa na homa kali, nani alimushika wa kwanza? Mara nyingi alikuwa muuguzi.

Tena kuna habari ya zamani inayofaa kujulikana. Mwaka wa 1960, inchi yetu ilipopata uhuru, hakukuwa hata Mukongo mumoja aliyemaliza masomo ya udaktari. Madaktari wengi Wabelgiji walirudi kwao. Katika hospitali nyingi wauguzi na wasaidizi wa madaktari ndio waliobaki na wagonjwa. Kazi hii si ndogo.

2. Je, ni kazi ya wanaume ao ya wanawake?

Wakati wa Wabelgiji, shule za wauguzi zilifundisha wavulana karibu peke yao. Wasichana walifundishwa zaidi kusaidia wakati wa kuzaa. Ndiyo sababu hata leo, katika vijiji vingi, muuguzi ni mwanaume, na wazee wanashangaa kuona musichana anashika kazi hiyo.

Lakini hakuna sheria inayosema hivi. Shule zinapokea wote. Na ninyi wamama munajua jambo ambalo wanaume hawalijui vizuri: kuna magonjwa ambayo mwanamuke anaona haya kuyasema mbele ya mwanaume. Anayaficha mpaka yanakuwa makubwa. Kama muuguzi ni mwanamuke, pengine angeyasema mapema. Vilevile, kama ni muvulana wako anayependa kuosha wagonjwa na kuwalisha, usimucheke. Mugonjwa hatazami kama mukono unaomugeuza kitandani ni wa mwanaume ao wa mwanamuke. Anataka mukono wa upole.

3. Je, hataambukizwa magonjwa?

Uulizo huu ni wa kweli, na hatutaki kuwadanganya. Muuguzi anashika damu, matapishi na makohozi. Kazi hii iko na hatari. Lakini hatari inayojulikana inaweza kuzuiwa.

Mwaka wa 1976, ugonjwa wa Ebola ulionekana mara ya kwanza katika inchi yetu, kule Yambuku, katika hospitali ya misioni. Sindano zilikuwa chache sana: 5 tu kwa siku nzima. Kati ya mugonjwa na mugonjwa zilisafishwa tu katika maji ya moto kidogo, bila kuchemshwa. Wamama wengi wenye mimba waliokuja kliniki walichomwa sindano hizo wakaambukizwa. Wafanyakazi wa hospitali walikuwa 17. Kati yao 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Watu wale walikuwa na mapendo kwa wagonjwa wao. Walikosa vyombo, na ugonjwa ule haukujulikana bado.

Mwaka wa 1995 Ebola ilirudi, kule Kikwit. Watu 315 waliugua, na kati yao 80 walikuwa wafanyakazi wa afya. Wauguzi walipopata mipira ya mikono, vifuniko vya mudomo na nguo za kujikinga, na kufundishwa kuzitumia, kuambukizwa kwao kulipungua sana. Katika ugonjwa mukubwa wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu mwaka wa 2018 mpaka 2020, kulikuwa hata chanjo, na wahudumu wa afya walikuwa kati ya watu wa kwanza kuchanjwa.

Kwa hiyo umufundishe mutoto wako, naye akifika shuleni atafundishwa zaidi:

– Kunawa mikono kwa sabuni mbele ya kushika mugonjwa na kisha kumushika. Hii ni kinga ya kwanza, na bei yake ni ndogo.

– Sindano moja, mugonjwa mumoja. Ikiisha kutumiwa, inatupwa mara moja katika kisanduku kigumu. Asirudishe kifuniko chake. Wengi wanajichoma pale.

– Kuchanjwa chanjo ya ugonjwa wa maini, aina ya B, mara 3, mbele ya kuanza kushika wagonjwa. Aulize shule ao hospitali.

– Akijichoma na sindano yenye damu, aoshe pale kwa maji na sabuni, asikamue, asinyamaze kwa haya. Amuambie mukubwa wake siku ileile. Kwa virusi vya UKIMWI kuna dawa za kuzuia. Inapashwa kuzianza mbio, mbele ya saa 72 kupita, na kuzimeza siku 28. Tena ajue kwamba, hata bila dawa, kati ya watu 1000 waliojichoma na damu yenye virusi hivi, karibu 3 tu wanaambukizwa. Asikate tumaini, lakini asichelewe.

Muona sasa: woga unaomufanya mutu anawe mikono ni mwalimu muzuri. Tunaogopa zaidi muuguzi asiyeogopa kitu.

4. Mutoto wangu anazimia akiona damu. Ataweza?

Wengi wanaanza hivi. Mwanafunzi anaona kidonda kikubwa mara ya kwanza, kichwa kinazunguka, jasho baridi linatoka, anaanguka. Si alama kwamba hatafaa. Mwili unazoea polepole.

Mumuambie asiingie katika kazi bila kula asubuhi. Akisikia kizunguzungu, akae chini mara moja ao alale na kuinua miguu, asingoje kuanguka juu ya vyombo. Akaze misuli ya miguu na ya mikono. Hii inasaidia damu kufika kichwani. Kisha arudi kutazama tena, kidogo kidogo. Kama miezi mingi inapita naye anazimia kila siku, kuna kazi nyingine za afya: laboratwari, duka la dawa, kuandika hesabu za hospitali, kufundisha usafi katika vijiji.

5. Masomo yake ni ya namna gani?

Kuna njia mbili zinazojulikana zaidi.

Njia ya kwanza ni shule ya sekondari ya uuguzi, ile watu wanaita ITM. Mutoto anaingia kisha kumaliza mwaka wa 8 wa masomo ya musingi, na anasoma miaka 4. Akishinda anaitwa muuguzi wa A2. Shule hizi ziko chini ya Wizara ya Afya.

Njia ya pili ni shule ya juu, ISTM. Anaingia akiisha kupata diploma ya Serikali ya sekondari. Anasoma miaka 3 kwa diploma ya kwanza, na anaweza kuendelea mbele. Shule hizi ziko chini ya Wizara ya Masomo ya Juu. Muuguzi wa A2 aliye na diploma ya Serikali anaweza kuingia huko nyuma, hata kisha kufanya kazi miaka fulani.

Katika njia zote mbili kuna masomo ya darasani, na kuna staji, maana yake kujifunza katika hospitali pamoja na wagonjwa. Mutoto atasoma kwa Kifaransa. Atajifunza mwili wa mutu, magonjwa, dawa, na hesabu.

Mama mumoja atauliza, "Hesabu za nini? Anaenda kutibu, si kuuza soko." Sikia mufano huu. Dawa ya homa, parasetamoli, inapimwa kwa kilo za mutoto: miligramu 15 kwa kila kilo moja. Mutoto wa kilo 10 anapata miligramu 150 kwa mara moja. Muuguzi akiongeza zero moja tu, anatoa 1500, na dawa nyingi hivi inaweza kuharibu maini ya mutoto. Ndiyo sababu tunapima watoto wenu kilo mbele ya kutoa dawa. Basi mutoto anayetaka uuguzi asikimbie hesabu. Mumuache afanye mazoezi yake jioni, hata kama vyombo vinangoja kuoshwa.

6. Pesa zetu ni kidogo. Tufanye nini tusidanganywe?

Masomo yanaomba pesa ya shule, vitabu, nguo nyeupe, viatu vya kufunga, vyombo vya staji, na pengine nyumba na chakula kama shule iko mbali. Mbele ya kuuza shamba ao ngombe, uliza hesabu yote ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza peke yake. Watoto wengi wanaacha masomo mwaka wa 3 kwa sababu wazazi walihesabu mwaka mumoja.

Tena kuna jambo baya: shule zinazofunguliwa bila ruhusa. Zinakamata pesa, na mwisho mutoto anapewa karatasi ambayo hakuna hospitali inayoikubali. Kwa hiyo uliza mambo haya matano mbele ya kulipa:

– Shule iko na hati ya ruhusa ya Wizara? Waseme wakuonyeshe.

– Wanafunzi wanafanya staji katika hospitali gani? Shule ya uuguzi isiyo na hospitali ni sawa na shule ya ulimaji isiyo na shamba.

– Waliomaliza mwaka uliopita walifanya mutihani wa Serikali? Wangapi walishinda?

– Walimu ni wauguzi wenyewe, wenye diploma?

– Pesa zote ni ngapi, na wanatoa karatasi ya malipo?

Kama husomi, usione haya. Nenda pamoja na mutu anayesoma. Ao uliza katika ofisi ya zoni ya afya. Wao wanajua shule zenye ruhusa.

7. Atapata mushahara muzuri?

Hapa inapashwa kusema wazi. Wauguzi wengi wa inchi yetu hawapati mushahara wa Serikali. Wengine wanangoja miaka mingi wapate namba ya kazi, na wengine wanapata prime peke yake. Katika vituo vingi wanagawanya sehemu ya pesa wagonjwa wanazolipa. Wauguzi wengi wako na shamba, kuku, ao duka ndogo pembeni. Tangu mwaka wa 2016 kuna sheria iliyounda Ordre ya wauguzi, inayoangalia kwamba mwenye kufanya kazi hii ni muuguzi wa kweli, lakini sheria hiyo haijazi mufuko.

Basi mutoto anayetafuta utajiri atafute njia nyingine. Muuguzi aliyeingia kwa ajili ya pesa tu ndiye anayeuza dawa za hospitali kwa mulango wa nyuma, na anayemuambia mama mwenye uchungu, "Toa kwanza kitu." Munawajua. Msituongezee watu wa namna ile.

Na wewe mama uliyesema, "Hatutalipa dawa tena": dawa za hospitali ni za wagonjwa wote. Usimuombe mutoto wako akuletee nyumbani. Ukimuomba, unamufundisha kuiba, na siku moja mugonjwa atafika na sanduku litakuwa tupu.

8. Kazi ya usiku itaharibu ndoa yake?

Wagonjwa hawaponi kwa sababu jua limeshuka. Kila muuguzi anafanya zamu ya usiku, na siku kubwa vilevile. Musichana anayefanya kazi hii ataolewa kama wengine, lakini inafaa amuambie mchumba wake mapema: "Kuna usiku sitakuwa nyumbani." Mwanaume anayekataa neno hili leo atalikataa zaidi kesho. Ni vema kujua mbele ya mahari.

Akiwa na mimba ao mutoto anayenyonya, aseme kwa mukubwa wake ili wapange zamu vizuri. Nao watu wa nyumbani wasaidie. Muuguzi aliyerudi asubuhi anapashwa kulala. Usimupe ndoo ya maji ao mutungi mulangoni. Muuguzi asiyelala anakosa hesabu ya dawa; tumeona juu ile zero moja.

9. Nitajuaje kama kazi hii inamufaa?

Tazama mambo madogo nyumbani. Bibi akiugua, mutoto huyu anakimbia ao anamuletea maji? Akitumwa na kuambiwa neno la siri, analitunza, ao jioni kijiji chote kinajua? Siri ni jambo kubwa. Muuguzi atajua nani yuko na UKIMWI, nani alipoteza mimba, nani anapigwa nyumbani. Akiyasema sokoni, wamama hawatarudi tena kliniki, na watakufa kwa magonjwa yanayopona.

Akikosea, anakubali ao anaficha? Muuguzi aliyetoa dawa isiyo yake na kusema mara moja, mugonjwa wake anaweza kusaidiwa. Aliyeficha anaweza kumuua.

Kisha umuulize yeye mwenyewe, mukiwa wawili tu, kwa upole: "Ni wewe unayetaka, ao ni sisi?" Ungoje jibu lake. Akisema ni baba yake anayetaka, ao ni kwa sababu rafiki yake anaenda, mupeni wakati. Akisema, "Ninataka, lakini ninaogopa," huyo amejibu vizuri.

10. Na mimi mama, nimepita wakati?

Wengine munauliza kwa sauti ndogo. Musichana aliyezaa hajapoteza akili yake. Kama alifika mwaka unaoombwa, aulize shule namna ya kurudi. Na yule asiyesoma sana anaweza kusaidia akichaguliwa na watu wa kijiji kuwa reko. Reko anatembea nyumba kwa nyumba, anakumbusha chanjo, anafundisha kutumia chandarua, anatuma kituoni mutoto anayeharisha. Hana mushahara, lakini kijiji kilicho na reko muzuri kinazika watoto wachache.

Mambo ya kufanya wiki hii

Mutafute titulere wa kituo chenu, umuombe azungumze na mutoto wako nusu saa. Amuulize kazi ilivyo, mazuri na mabaya. Kisha mukae baba, mama na mutoto, mufanye hesabu ya pesa kwa karatasi. Mwisho mutembelee shule yenyewe mbele ya kulipa hata franka moja.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini watu wengi waliambukizwa kule Yambuku mwaka wa 1976? Leo tunafanya nini ili isirudi?
2. Ni maulizo gani matano ya kuuliza shule mbele ya kulipa?
3. Muuguzi akijichoma na sindano, afanye nini, na ana saa ngapi za kuanza dawa?
4. Kwa nini muuguzi anapashwa kujua hesabu?
5. Ukiugua usiku huu, ungependa muuguzi wa namna gani akufungulie mulango? Je, mutoto wako anafanana naye?

Mama akiweza kujibu uulizo huu wa tano kwa kweli, ataweza kumujibu mutoto wake vilevile.